Ubwabwa Utapikwa kwa Nini?

Kati ya wanasiasa wote walioniomba kura ya urais tangu vyama vingi virudi, ni mmoja tu aliyezungumza lugha ya tumbo langu: Mzee Hashim Rungwe wa CHAUMMA. Wenzake walikuja na uchumi wa viwanda, wakaja na uchumi wa kati. Yeye alikuja na ubwabwa. Watu wa Moshi walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi sikucheka, kwa sababu uchumi wa kati naujua. Benki ya Dunia ilitangaza Julai 2020 kwamba Tanzania tumeshaingia huko, kundi la chini, na hapa kwangu Shirimatunda, Moshi, siku hiyo tulikula makande. Kesho yake tukala kiporo cha makande yale yale, safari hii tukiwa watu wa kipato cha kati.

Ila Mzee Rungwe kuna swali hakunijibu, na tangu hapo hakuna mgombea aliyelijibu. Huo ubwabwa utapikwa kwa nini? Kuni, mkaa, gesi au umeme? Na moto ukiisha sufuria haijaiva, nani anaongeza?

Mimi ni mstaafu na ni mhafidhina. Siamini deni, siamini cha bure, na mtu akiniambia gharama itajilipa yenyewe mbele ya safari huwa nashika mfuko. Vijana wa bodaboda wa hapa mtaani hunipa shikamoo vizuri na kuniita meku, halafu nikiwapa mgongo huniita Waziri wa Fedha, kwa kuwa nikienda soko la Mbuyuni tunaanza kupatana nauli hapa kijiweni na tunakuja kuelewana tukiwa tumeshafika. Mtu wa namna hiyo, mkimwekea kampeni za urais, bei za umeme na mitungi ya gesi katika mwaka mmoja, mnataka alale saa ngapi?

Tuanze na mtungi. Kama uko Tanzania na miaka hii hujapewa mtungi wa gesi wa kilo 6, jichunguze, huenda husalimii watu. Wabunge wanatoa mitungi. Makampuni yanatoa mitungi. Mama lishe wanapewa wakiwa wamepangwa mstari mbele ya kamera. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, nao wanaisambaza kwa ruzuku ya nusu bei. Yote haya yana mpango wake: Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Mwezi huo huo Rais Samia alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa kimataifa kuhusu nishati safi ya kupikia barani Afrika. Nilijisikia fahari. Si kila siku Wafaransa, wanaojisifia mapishi, wanakaa kimya kusikiliza habari za mafiga yetu.

Mama Manka, mke wangu, aliupata mtungi wake kupitia kikundi chao cha akina mama. Uliwaka vizuri sana, moto wa buluu, sufuria chini safi. Kisha ukaisha. Kuujaza ni zaidi ya shilingi elfu 20 kwa mkupuo, na hapo ndipo nilipoelewa biashara yenyewe. Anayekupa mtungi bila gesi ya mwezi wa pili hajakupa nishati. Amekuajiri kazi ya kuwa mteja, na mshahara unajilipa mwenyewe.

Tena angalieni watu wa Moshi wanavyonunua moto. Mkaa unauzwa kwa sado. Huna hela ya sado, unauziwa kopo. Mama anayeuza ndizi Mbuyuni anapata fedha yake jioni, ananunua mkaa wa jioni hiyo, watoto wanakula. Huyo ukimwambia kwa mwezi gesi ni nafuu kuliko mkaa, atakubali kabisa, hesabu anaijua kukuzidi. Tatizo lake ni kwamba hana mwezi. Ana leo. Gesi haipimwi kwa kopo, na wataalamu wa Dodoma, ambao wote hulipwa mwisho wa mwezi, jambo hili naona linawapita.

Matokeo yake ni kwamba jirani yetu Mama Eli mtungi wake anaukalia akichambua mchicha. Anasema ni kiti kizuri, hakiliwi na mchwa.

Sasa umeme. Krismasi iliyopita Manka alipanda kutoka Dar es Salaam na wajukuu, na katika mizigo akashusha jiko la umeme la presha. “Baba, hili linaivisha maharage hata uniti moja halimalizi.” Nikamwambia mwanangu, ahsante, lakini hiyo uniti unaizungumzia kwa bei gani? Akanitazama kama anavyonitazama nikimuuliza bei ya viatu vyake.

Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, maana ndipo ugonjwa wangu wa presha ulipo. Mteja mdogo wa nyumbani, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti. Akiwa mtu wa kuvuka anahamishiwa kundi la wakubwa, ambako uniti ni shilingi 292. Juu ya hapo panda VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na mdhibiti EWURA asilimia 1. Kwa hiyo mtu wa chini analipa shilingi 122 na wa juu analipa shilingi 356, umeme ule ule, nguzo ile ile. Na njia ya haraka ya nyumba maskini kuvuka uniti 75 ni ipi? Ni kupika kwa umeme! Yaani napigiwa debe redioni nipike kwa umeme, nikitii naondolewa kwenye bei iliyofanya nione kupika kwa umeme kunawezekana. Mwenye kuni hana adhabu hiyo. Hajawahi kuambiwa kwamba kwa kuwa ameokota mzigo wa tatu wiki hii, sasa kila ukuni ni mara tatu.

Nilimweleza Mama Manka haya yote mezani, kwa utulivu, na kalamu mkononi. Akanisikiliza hadi mwisho.

“Baba Manka, leo nipike kwa bei ya mia au ya mia tatu?”

“Pika kwa bei ya mia, mama, lakini uangalie mita.”

“Basi angalia wewe. Mimi naangalia maharage.”

Nami nikawa mwangalizi wa mita. Mwanzo wa mwezi ni balaa zaidi, kwa sababu kodi ya jengo, shilingi 1,500, hukatwa humo humo kwenye LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Ukinunua umeme wa shilingi 2,000, nyumba inachukua yake kwanza, wewe unabaki na umeme wa kutafutia kiberiti. Hivi ninavyoandika, nyumbani kwangu kuna mtungi, jiko la umeme, jiko la mkaa na mafiga matatu nyuma ya banda la kuku, na kila kimoja kina siku zake kulingana na hali ya mfuko. Wahesabuji wakija wakatukuta na mtungi watatuandika kuwa tumehamia nishati safi. Wakizunguka nyuma ya banda watatufuta.

Mniwie radhi, sitetei moshi. Nimelelewa ndani yake kule Kibosho, na macho ya mama yangu yalikuwa mekundu mwaka mzima, si wakati wa msiba tu. Serikali inasema moshi wa jikoni unaua takriban Watanzania 33,000 kila mwaka, na mimi niliyemuona mama akikohoa alfajiri akipuliza moto sina ubishi hata kidogo. Naunga mkono nia. Ninachogomea ni watu wa nia njema wasiokuja na bei.

Na pia wasiokuja na mwongozo wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa: shule, magereza, kambi. Vizuri. Msiba wa Mchaga ni taasisi au si taasisi? Kwa siku tatu unalisha watu zaidi ya mia, una kamati, una mweka hazina, una nidhamu ya fedha kuliko halmashauri nyingi. Mtori wa watu mia tatu tuuchemshe kwenye mitungi mingapi ya kilo 6? Na mbege, ndizi zake zinachemka tangu asubuhi hadi jua linashuka. Kule juu mlimani sijaona hata mwanasiasa mmoja akipikiwa mbege kwa gesi, ingawa nimewaona wengi wakiinywa.

Kuni zenyewe siku hizi zina historia yake. Bibi zetu walikuwa wakiokota Nusu Maili, ule ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 kwa matumizi ya wananchi, chini ya usimamizi wa Wachaga wenyewe. Mwaka 2005 msitu ukaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Sawa, mlima ukikauka hakuna atakayepona. Nikasema basi nitategemea mti wangu, mgrevilea nilioupanda mwenyewe kihambani nikiwa kijana. Nilipotaka kuukata nikaambiwa nina haja ya kibali, nikaenda ofisi fulani nikapewa barua ya kwenda kuomba kibali ofisi nyingine. Mhafidhina halisi anaamini mti alioupanda mtu ni wake. Ofisi zinaamini ni wake hadi atakapouhitaji.

Sasa twende Rufiji, maana huko ndiko fedha yetu ilikokwenda. Desemba 2018 ulisainiwa mkataba na kampuni za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, kujenga Bwawa la Julius Nyerere kwa takriban shilingi trilioni 6.5. Mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla megawati 2,115. Hayati Magufuli alisimama kidete, mashirika ya nje yakapiga kelele kuhusu hifadhi ya Selous, yeye akasema tutajenga kwa fedha zetu, na mimi, mtu nisiyependa matumizi makubwa, nilijikuta nashangilia, kwa sababu aliyekopa hupangiwa na aliyejilipia huchagua. Mashine ya kwanza ikawashwa Februari 2024. Mwezi uliofuata tukatangaziwa kwamba umeme umezidi hadi vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa. Kumbuka kwamba Septemba 2023 tu, tukiwa gizani kwa mgao, Rais alikuwa amempa mkurugenzi mpya wa TANESCO miezi sita aumalize. Tukatoka kwenye njaa tukaingia kwenye kuvimbiwa bila kupitia shibe.

Halafu ikaja Machi 2025. Rais akiwa ziarani hapa hapa Kilimanjaro akatuambia kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme kutoka Ethiopia, upitie Kenya. Maelezo ni kwamba mitambo mikubwa iko mbali, pwani na Rufiji, na umeme ukisafiri hadi kwetu mwingi unapotea njiani, hasara ya mabilioni kila mwaka. Kijiweni palilipuka. Kijana mmoja akauliza kama LUKU sasa tutaandikiwa Kiamhari.

Mimi niliwaduwaza, nikaitetea serikali. Umeme haujui utaifa, unajua umbali. Njia ya kilovolti 400 tayari inatuunganisha na Kenya, Ethiopia wamefungua bwawa lao kubwa la Nile Septemba 2025, megawati 5,150, na nchi zinazouziana umeme ni nchi zinazofanya biashara. Kuuza cha ziada kule na kununua cha karibu huku ni akili ya kawaida ya duka. Nina ng'ombe wa maziwa Kibosho na hapa Shirimatunda nanunua maziwa kwa jirani, kwa kuwa ya kwangu yakiteremshwa na bodaboda yanafika nusu. Kwa hiyo hesabu naielewa. Ninachouliza ni hiki: miaka yote ile ya kumwaga zege, hilo la umbali lilikuwa halijulikani? Rufiji haikuhama. Moshi tupo tangu enzi za Mangi Rindi. Kwenye kampeni ya 2020 tuliambiwa bwawa likikamilika umeme utakuwa mwingi na bei itashuka. Mwingi umekuwa. Bei niliyokutajieni hapo juu ndiyo hiyo hiyo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba huu mlima wenyewe unazalisha. Maji yake yanashuka hadi Nyumba ya Mungu yanazungusha mtambo wa megawati 8, yanaendelea hadi Hale, megawati 21, yanamalizia New Pangani Falls, megawati 68. Babu zetu walichimba mifereji ya maji mlima mzima bila mkandarasi wala mkopo. Leo mito ile ile tunaitazama ikipita kwenda kuwasha taa za wengine, halafu tunasubiri ya Addis Ababa.

Ukipanga chaguzi zetu mstari utaona kila moja ina nishati yake. Mwaka 2005 tulipewa ari mpya, nguvu mpya na kasi mpya. Mwaka uliofuata mabwawa yakakauka, tukapata mgao, tukapata na mkataba wa Richmond, megawati 100 za dharura ambazo zilimwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa madarakani Februari 2008 kabla hazijaondoa giza. Mwaka 2015 bwana huyo huyo akawa mgombea wa wapinzani, wakiwemo wale ambao mwaka 2007 walilisoma jina lake Mwembeyanga kwenye orodha yao ya aibu ya watuhumiwa wa ufisadi. Oktoba ile ile ya kupiga kura maji yakapungua Mtera na umeme ukawa wa kubahatisha, wakati bomba la gesi la Mtwara, kilomita zaidi ya 500, lilikuwa ndiyo kwanza limekamilika kwa mkopo wa Wachina. Mwaka 2020 ikawa zamu ya bwawa. Mwaka 2025 ikawa zamu ya sufuria.

Wenzetu nao si haba. Ndugu zangu wa Rombo, ambao Kenya wanaiona wakifungua dirisha, walinipigia simu Machi 2023 kwa furaha: Rais Ruto ameahidi kwamba kuanzia Juni gesi ya kilo 6 itajazwa kwa shilingi za Kenya 300 hadi 500. Nikawaambia wasivuke Tarakea na mitungi mapema. Juni ilikuja, ikaondoka, mitungi ikabaki na bei yake. Kule Marekani mwaka 2024 Donald Trump, ambaye wahafidhina wenzangu wa huko wanampenda kupindukia, aliahidi kukata bei ya nishati kwa nusu ndani ya mwaka mmoja. Mhafidhina anayeahidi nusu bei bila kusema nusu nyingine inalipwa na nani, huyo kwangu ni Mzee Rungwe mwenye ndege. Tofauti ni kwamba Mzee Rungwe ubwabwa wake ungeonekana.

Na huku kwetu kura ilikuwa tarehe 29 Oktoba 2025. Wagombea urais walikuwa 17. Mzee Rungwe hakuwemo, CHAUMMA ilimsimamisha Salum Mwalimu. Chadema, chama ambacho hapa Moshi kimewahi kujaza viwanja hadi juu ya miti, hawakuwemo kabisa. Hawakusaini kanuni za maadili ya uchaguzi mwezi Aprili mwaka huo, na mwenyekiti wao Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Hilo silifanyii mzaha. Mnunuzi wa maziwa mwenye muuzaji mmoja hapatani bei, na mpiga kura ni hivyo hivyo. Nitasema tu kwamba wagombea 17 walikuwa wengi, na sikusikia hata mmoja akitaja shilingi.

Kwa hiyo naomba rasmi. Mgombea yeyote, au mpambe wake, au hata dereva wa gari la matangazo atakayepita barabara ya Arusha kabla ya kura ijayo, akunje kulia au kushoto aingie Shirimatunda. Simdai fulana wala kofia, na mtungi ninao. Asimame, azime muziki, aniambie mambo mawili: mwaka 2030 kujaza mtungi wa kilo 6 kutakuwa shilingi ngapi, na mstari ule wa uniti 75 atauhamishia wapi ili anayepika kwa umeme asiadhibiwe. Akitaja bei, hata kama ni kubwa, kura yangu anayo, na ya Mama Manka nitaiombea. Akianza kwa kusema “tutahakikisha”, aendelee tu na safari yake Arusha, mafuta ni ghali.